Mwaka Niliofunga kwa Woga

Ndugu yangu Ilunga alifika kwenye kilio cha mama siku ya pili, akiwa na kapu la samaki wakavu kutoka Bukama, na kabla hajakaa akaniuliza mimi, dada yake mkubwa, mbele ya wanawake wote, "Yaya, siku hizi uko nakula, ao ungali unafunga?" Wanawake wakacheka, maana kwetu hata kilioni watu hucheka, na wengi wao waliijua habari yenyewe. Nami nikacheka, kwa mdomo tu. Utani huo ni wa zamani katika familia yetu. Ilunga huutoa kila tunapoonana, kama mtu anavyotoa tumbaku mfukoni, bila ubaya wowote, na mama alikuwa akiucheka mpaka anafuta macho. Ni mimi peke yangu ambaye sijauzoea. Kila mara joto hunipanda shingoni, nikajikuta natafuta kitu cha kufanya: nafagia palipofagiliwa, nakunja nguo iliyokwisha kukunjwa. Siku ile nilichukua kisu nikaanza kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyeviomba.

Masista walitufundisha herufi na kushona; mengine niliyatafuta mwenyewe, katika kila karatasi iliyopita mikononi mwangu, hata zile zilizofungiwa chumvi sokoni. Sipendi kosa. Sentensi ikiwa na doa narudia ukurasa wote, na nilipokuwa msichana, nikikosea neno katika sala nilianza upya tangu mwanzo, mpaka mama alikuwa akisema Mungu atasinzia kabla sijafika Amina. Lakini ule mwaka mmoja wa ujana wangu niliuacha na doa lake. Niliwaachia wengine wauseme kwa kicheko, kwa kuwa kicheko chao kilinisaidia nisiuseme mimi. Sasa mama amelala katika makaburi ya misioni, na naona ni zamu yangu kuueleza jinsi ulivyokuwa.

Wabelgiji walikuwa bado hawajaanza kusafisha pori la kujenga Base, kambi yao ya kijeshi. Kamina ilikuwa stesheni, karakana, misioni, soko, na kambi yetu ya reli: nyumba za matofali zilizojengwa mbili mbili, zikigawana ukuta mmoja ambao haukufika kwenye mabati, hata kikohozi cha jirani kilikuwa chako. Tulikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na meza, viti, picha ya Bikira Maria iliyokatwa kwenye kalenda, na kofia ya kazi ya baba juu ya msumari. Cha nyuma tulilala. Uani kulikuwa na kibanda cha kupikia ambacho sisi na jirani yetu tulikitumia pamoja, meko yetu upande wa kulia, yake upande wa kushoto. Jirani huyo aliitwa Mama Kapinga. Alitoka Kasai, mume wake alikuwa akitia makaa kwenye injini, na yeye alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na treni. Baba yangu alifunga breki za mabehewa ya mizigo na aliweza kurudi saa yoyote, kwa hiyo moto wa mama haukuzimika kamwe. Alfajiri wanawake wa mstari wetu walikuja na vigae vya vyungu kuomba kaa. Viberiti vilikuwepo, lakini nani angeunguza kijiti wakati moto wa mama yangu, Mama Umba, unawaka? Habari za kambi nazo zilisambaa vivyo hivyo, kaa moja na neno moja. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kila moto wa mstari ule ni mtoto wa moto wetu, na jambo hilo lilinitia kiburi.

Baba alikufa mvua zilipoanza, kwa ugonjwa wa kifua. Padri alimpaka mafuta, tukamzika kikristo, na wakati wote wa kilio wanawake wa ukoo waliokaa mjini walituletea bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kutoka katika mioto yao. Nilidhani ni huruma. Baada ya Noeli, mdogo wake baba alipofika kutoka Kabondo-Dianda, ndipo nilipoelewa kwamba kuna jambo lililokuwa likingojewa. Ningependa kuandika kwamba Baba mudogo Kalenga alikuwa mtu mbaya. Habari hii ingekuwa nyepesi. Alikuwa mkulima mpole mwenye mikono mikubwa, aliyetoka mbali katika barabara za matope akibeba mahindi mabichi ya kututuliza sisi watoto, na usiku wa kwanza aliomba alale chini ili mimi na Ilunga tusiache mkeka wetu. Alikoroma kweli. Ilunga, ambaye hakuwa amefikia hata umri wa shule, alimwamsha akamwuliza kama anaumwa.

Katika ukoo wetu, mume akifa, watu husema bado yumo mwilini mwa mjane na katika moto wake. Ndugu wa marehemu hulala na mjane ili kumwondoa maiti; asubuhi majivu hutupwa njia panda, na ndugu yule huwasha moto mpya. Tangu hapo mjane ni mke wake, na chakula cha mjane kinakuwa chakula tena. Kabla ya hapo, atakayekula kilichoivia juu ya moto ule wa zamani atakohoa kama marehemu alivyokohoa. Hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha haya. Tulikuwa nayo kama tulivyokuwa na majina yetu, na maji ya ubatizo yaliyapita juu bila kuyaondoa.

Mazungumzo yalifanyika chumba cha mbele, mchana, mvua ikipiga mabati. Kalenga alikuja na mzee mmoja wa ukoo aliyekaa mjini, mtu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama alikaa kwenye mkeka. Mimi nilikuwa nyuma yake nikirekebisha pindo la nguo ambalo halikuwa na tatizo. Walizungumza kwanza juu ya mvua, juu ya daraja lililobomoka, juu ya samaki waliopungua. Kisha Kalenga akakohoa kidogo, akaona kwamba kukohoa mahali pale hakufai. Mwishowe akamwambia mama, shemeji yake, "Mulamu, minyi nilikuya juu ya kazi ya yaya wangu, marehemu. Unaijua."

"Naijua," mama akajibu. "Sitaifanya."

Mzee hakukasirika. Alisema kwamba yeye pia ni Mkristo, na kwamba hata katika Biblia Ruta alichukuliwa na ndugu wa mume wake, wala Mungu hakuchukia. Mama hakusoma. Aliijua dini kwa masikio, tena kwa kuchanganya. Aliwahi kuwaweka Yona na Nuhu katika safari moja. Alinigeukia, kama alivyozoea kunigeukia kwa maneno ya kitabu. Ningeweza kunyamaza. Lakini niliulizwa swali ambalo nilijua jibu lake, na mimi sikuwahi kushindwa jibu. Nikasema kwamba ndiyo, ni kweli, Boazi alikuwa ndugu. Mzee akanishukuru. Mpaka leo naisikia shukrani ile.

Mama aligeuza uso taratibu akawatazama wale wawili. "Ruta alimutaka ule muntu," akasema. "Minyi siko Ruta. Niliahidi mbele ya Mungu bwana moya, na bwana yangu alikufa. Sitachukua mwingine juu ya kuogopa majivu." Halafu, kwa kuwa mama hakuwa mtakatifu na hakuweza kuacha neno kubwa likae peke yake, akaongeza, "Tena, mulamu, unakoroma. Nyumba ya Mama Kapinga nzima inatetemeka." Nyuma ya ukuta tulisikia mtu akicheka na kujiziba mdomo. Hata Kalenga alitabasamu, akitazama miguu yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hataki kumchukua kwa nguvu, bali anaogopa kwa ajili ya watoto wa kaka yake, na kwamba kama watakohoa, ni yeye ukoo utakayemwuliza. Ndipo mzee akatoa uamuzi. Kalenga atarudi baada ya Pasaka, mahindi yakikauka. "Kama tunakuta bantu banakula ku moto yako," akamwambia mama, "tutanyamaza. Kama hakuna muntu anakula, batoto banaenda Kabondo-Dianda na baba yabo mudogo." Mama akasema, "Sawa." Alisema hivyo upesi, kama mtu anayekubali bei nzuri. Nadhani aliamini kweli kwamba watu watakula.

Kesho yake alfajiri hakuna aliyekuja na kigae. Wala kesho kutwa. Wanawake wa mstari walitusalimu kama kawaida, walitupa pole, walimshika mama mkono. Moto tu ndio walioupita, macho yao yakiuruka kama watu wanavyoruka dimbwi. Mama Kapinga alihamisha mafiga yake kutoka kibandani akayaweka chini ya ukingo wa paa la nyumba yake, akisema upande wake kunavuja. Hapakuwa na tundu lolote. Mama alimsaidia kubeba figa la tatu. Kisha akarudi, akapuliza moto, na akavuta kaa moja mpaka ukingoni mwa meko, tayari kwa atakayeliomba. Alifanya hivyo kila alfajiri. Na kila alfajiri alituambia habari moja ambayo katekista aliisimulia kanisani na ambayo, kwa mara moja, hakuichanganya na nyingine: mjane wa Sarepta aliyekuwa akiokota kuni apike unga wake wa mwisho, na nabii Eliya akapita akamwomba chakula. "Nabii mwenyewe," mama alisema akipuliza. "Alikula ku moto ya mujane. Alikula kwanza, njo unga haikuisha."

Mimi wakati huo niliwasaidia watoto wadogo kukariri katekisimu. Nilijua maswali yote na majibu yote, pamoja na nukta zake. Ukiniuliza kama kuna nguvu nyingine juu ya Mungu, ningejibu kabla hujamaliza. Lakini juma lile lilikuwa la baridi ya mvua, nikaamka na mkwaruzo kooni, nikakohoa mara moja, nikasikia kikohozi cha baba. Nilikaa kwenye mkeka nikisikiliza kifua changu. Mama aliponiwekea uji nikasema tumbo linauma. Jioni nikasema limezidi. Siku zilizofuata nilikula matunda, nilikula muhogo mbichi, nilikula chochote ambacho hakikugusa moto ule, na kila tonge la bukari alilonipa nililiviringisha mkononi mpaka likapoa, kisha nikampa Ilunga. Ilunga alikula lake na langu. Alinenepa mwaka ule wa msiba hata watu wakamwita Padri.

Kwaresima iliponifikia niliipokea kama mtu aliyetupiwa kamba. Sasa niliweza kukataa chakula bila uongo. Nilimwambia mama nafunga. Niliwaambia Masista nafunga. Sista aliyetufundisha kushona alinitaja mbele ya wasichana wengine kama mfano, akasema kwamba tangu kufiwa nimejifunza kumtolea Mungu huzuni yangu. Niliinamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu. Na kila mchana, nikitoka misioni, nilipita kwanza kwa Mama Kapinga, ambaye hakuniuliza kitu. Aliniwekea bukari ya moto wake na maharagwe yenye mafuta mekundu ya ngazi, yaani mawese, akanikalisha kati ya mlango na ukuta nisionekane kutoka uani, akanitania kwamba mtawa anayefunga ana mashavu mazuri. Nilikula haraka, nikanawa mikono mara mbili ili isinuke chakula. Kisha nilizunguka nyumba, nikaingia kwetu kwa mlango wa mbele, na mama akaniuliza kama nimechoka.

Mchana mmoja mvua kubwa ilinikuta ndani peke yangu. Mama na Ilunga walikuwa shambani. Mume wa Mama Kapinga alikuwa amerudi kutoka safari, na kwa sababu ya mvua walisemeshana kwa sauti, wakisahau ukuta. Alikuwa akiuliza kwa nini sahani zimeongezeka. Mke akamwambia ni binti wa jirani. Mume akataka kujua kama mama yake anajua.

"Anajua," Mama Kapinga akasema.

"Na anasema nini?"

"Hasemake kitu. Analeta unga."

Mama Kapinga akaendelea, na sauti yake ilikuwa imeshuka hata nililazimika kusogea ukutani. Alisema kwamba kila Jumamosi Mama Umba huleta unga katika kitambaa, unga wa sehemu ya binti yake, hauweki hata juu ya meza, anaushika mpaka apokewe. Kwamba alimwambia, mutoto anaogopa, asife na njaa juu ya kuogopa. "Minyi nakamata," Mama Kapinga akasema. "Unga bado haiguse moto. Lakini ni haya kukamata unga ku mukono ya muntu, na moto yake unaikataa."

Naandika mistari hii nikijaribu kutafuta nilichohisi pale ukutani, na naona aibu kusema kwamba kitu cha kwanza kilikuwa hasira: kwamba alijua, na akaniacha niendelee na maonyesho yangu. Cha pili, hofu kwamba Sista angesikia. Kumwonea mama huruma kulikuja baadaye, kama mtu mzito anayepanda ngazi. Mtu angefikiri kwamba jioni ile nilikwenda kwenye meko nikala. Sikwenda. Mama alirudi amelowa, akapuliza moto wake, akanitengea sehemu yangu kama kila siku, sehemu kamili, na sasa nilijua kwamba alijua itakwenda wapi. Nikaiviringisha mkononi. Kesho yake nilipita kwa Mama Kapinga nikala unga wa mama yangu uliopikwa juu ya moto wa jirani, na ulikuwa mtamu.

Kabla ya Pasaka nilikwenda kuungama. Nilijiandaa vizuri sana. Nilitaja hasira, uvivu wa asubuhi, sindano ya Sista niliyoipoteza. Nilitafuta katika majina yote ya dhambi niliyoyajua, sikupata jina la kile nilichokuwa nafanya nyumbani, na kwa kuwa hakikuwa na jina, sikukitaja. Nikatoka nikiwa na woga mpya: kwamba sasa nimesafishwa na sitakiwi kuchafuka tena, hata kwa neno moja la uongo.

Kalenga alifika mahindi yalipokauka, kama alivyosema. Mama alikuwa amepika. Alitandika mkeka uani, mbele ya kibanda, akaweka bukari chini ya ungo, na samaki, na sombe aliyoitwanga tangu asubuhi. Alivaa kitambaa alichofungia ndoa. Mzee mwenye miwani alikaa kwenye kiti. Mama Kapinga alisimama chini ya ukingo wa paa lake, penye mafiga yake, akifanya kama anachagua mchele. Mstari mzima ulikuwa na kazi za uani siku ile. Mzee aliuliza kwa heshima kama kuna mtu wa kambi anayekula kwenye moto huu. Hakuna aliyejibu. Mama hakumtazama mtu yeyote. Alifukuza nzi juu ya ungo. Kalenga akanigeukia mimi. Najua sasa kwamba alinigeukia kwa matumaini. Alikuwa akitafuta mlango wa kutokea, na mimi ndiye niliyekuwa mlango.

"Veronika," akasema, "weye hausemake bongo, unasemaka kweli tu. Unakula ku moto ya mama yako?"

Kulikuwa na njia ya kujibu. Nimeipata mara nyingi tangu siku ile, nikiwa sokoni, nikiwa kanisani, nikiwa nimelala. Ningeweza kunyoosha mkono kwenye ungo na kusema: nakula leo. Halikuwa uongo, na lilikuwa hatua moja. Lakini mimi nilisikia swali tu, na jibu lake sahihi.

"Hapana, baba mudogo," nikasema. "Sikule."

Mama hakunitazama. Aliendelea kufukuza nzi. Ilunga ndiye aliyeruka. Alidhani tumeulizwa kitu ambacho mimi nimeshindwa na yeye anaweza, na alijaa furaha ya kunishinda. "Minyi nakula," akasema. "Nakula kila siku. Nakula na ya yaya." Mzee akavua miwani yake. Akamweleza Kalenga, kwa upole, kile ambacho wote pale walikuwa wamekwisha kuelewa: msichana ni mkubwa, amejilinda mwenyewe, anaweza kubaki na Masista, mtoto aliyekula ndiye aliye hatarini, ndiye anayepaswa kuondolewa kwenye moto huu na kupewa dawa za ukoo. Hivyo ukweli wangu ulinikomboa mimi, ukamfunga yeye. Mama akafunua ungo, akamwambia Ilunga akae ale, basi. Akala peke yake katikati ya watu wote waliosimama, akitutazama kwa mshangao, shavu limejaa.

Treni ya Bukama, inayopitia Kabondo-Dianda, iliondoka asubuhi. Mama alimfungia Ilunga chakula katika majani ya mgomba, na pale stesheni Kalenga akamwomba, karibu kwa machozi, asiwape kifurushi kile safarini. Mama hakubishana. Akamwambia Ilunga afungue ale pale pale. Alikula amekaa juu ya kapu la mahindi ya Kalenga, mtu wa breki akipita akigonga magurudumu kwa nyundo kama baba alivyokuwa akifanya, na alipomaliza mama alimfuta mdomo kwa kona ya kitambaa, akamfanyia ishara ya msalaba kwenye paji. Alimwambia Kalenga amkumbushe kusali, na asimlaze karibu yake kwa sababu ya kukoroma. Kalenga akasema ndiyo, ndiyo, mulamu. Treni ilipokwisha kupita nilianza kulia, nikamwambia mama nilichotaka kumwambia tangu jana, kwamba nilisema kweli tu. "Ulisema kweli," akajibu. Tulitembea kidogo. "Nilimwomba Mungu anipe nguvu ya kubaki na nyinyi bote. Alinipa nguvu. Nyinyi bote, hapana." Hakusema hivyo kama mtu anayelalamika. Alisema kama mtu anayehesabu vyombo baada ya kuhama, akiona kipi kimevunjika na kipi kinafaa kupikia.

Kuhama kwenyewe kulifuata. Mvua zilikwisha, nyumba ya reli ikapewa mtu mwingine wa reli, na Masista wakampa mama kazi katika bustani yao na chumba kimoja cha udongo nyuma ya misioni, chenye mlango ambao haukufunga vizuri. Majirani walitusaidia kubeba meza na viti. Mama alivua picha ya Bikira Maria na kofia ya baba. Kisha akachukua kigae kikubwa, akajaza makaa kutoka kwenye meko, akafunika kwa majivu, akanipa mimi. Hakusema kwa nini mimi. Barabara ya kambi ilikuwa ndefu kuliko nilivyoijua, na wanawake walikuwa wamesimama milangoni kutuaga, na kila mmoja alijua ninachobeba. Moshi ulikuwa ukinifuata usoni. Nilitaka kukimbia. "Tembea polepole," mama akasema nyuma yangu. "Isizimike."

Jioni ile aliwasha moto ndani ya chumba kipya, kwa sababu hatukuwa na kibanda, akapika bukari na majani ya maboga ya bustani. Hapakuwa na Ilunga wa kupewa tonge langu, wala Mama Kapinga nyuma ya ukuta. Alinitengea, akakaa mbele yangu. Sala ya chakula tuliisema, nami sikukosea neno. Nikakata tonge, nikalichovya, nikalitia mdomoni, na mama alinitazama mpaka nikameza. Ndipo nikakohoa. Nilikohoa kwa nguvu, machozi yakanitoka, nikamtazama mama kwa hofu kuu, na yeye akanitazama, halafu akaanza kucheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu baba alipokufa. "Ni moshi," alisema, akishika mbavu. "Mwanangu, ni moshi tu." Hapo ndipo utani ule ulipozaliwa.

Ilunga hakukohoa kamwe. Alikua Kabondo-Dianda, mwili wake mkubwa kama wa Kalenga, akabatiza watoto wake wote, akalima, akauza samaki, na alikuja kumtembelea mama kila mavuno akakaa kwenye meko yake akila vya watu wawili. Mama hakupata tena miaka aliyoikosa, na hakuidai. Mimi nilibaki karibu naye, nikala kwenye moto wake maisha yangu yote, na sijui kama hayo yanalipa kitu.

Siku ya mwisho ya kilio, mwanamke mmoja mzee wa ukoo alinivuta pembeni. Alisema kwa sauti ya chini kwamba sisi sote ni Wakristo, si lazima, lakini labda majivu ya meko ya mama yangetupwa njia panda kabla watu hawajala, ili kusafisha tu. Wengine walinitazama. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye ninayesoma kanisani, mimi ndiye niliyepaswa kusema. Na ninaandika haya kwa sababu ya kile kilichotokea ndani yangu: nilisita. Baada ya miaka hii yote, mkono wangu ulikuwa juu ya kifua changu, ukisikiliza. Ilunga alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga ya mama. Alikuwa ameupuliza moto ule mwenyewe tangu asubuhi, samaki wake wa Bukama wakichemka juu yake, na sijui alisikia kiasi gani. Hakuuliza wala hakutania. Alifunua chungu, akakata tonge la bukari, akalichovya katika mchuzi, akaja nalo mpaka niliposimama, akilikinga chini kwa mkono wa pili ili lisidondoke.

"Kula, yaya," akasema.

Nikafungua mdomo kama mtoto, mbele ya wanawake wote, na ndugu yangu akanitazama mpaka nikameza.